Mwongozo wa Kutengeneza Zeolaiti kwa Kiolezo cha Kikaboni: Kutoka Chupa ya TPAOH hadi Unga wa Silikalaiti

Zeolaiti ni fuwele zilizojengwa kwa silikoni, oksijeni na mara nyingi alumini, zenye mifereji na vizimba vidogo kiasi kwamba molekuli moja hupita na nyingine, iliyo nene kidogo tu kuliko ile, hukwama mlangoni. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1756 na Axel Fredrik Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Sweden, aliyeona jiwe likichemka na kutoa mvuke lilipopashwa moto, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kuchemka na jiwe. Afrika Mashariki fuwele za jamii hii si ngeni, kwa kuwa matabaka ya majivu ya volkano ya Bonde la Oldupai nchini Tanzania yana zeolaiti kama chabazaiti na filipsaiti, zilizoota pale majivu yalipokutana na maji ya ziwa la kale lenye chumvi na magadi mengi.

Katika kazi hiyo asili haikuhitaji kitu chochote cha kikaboni, kwani sodiamu, potasiamu na kalisi zilitosha. Maabara nazo ziliiga asili kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1961, pale Barrer na Denny nchini Uingereza, na Kerr na Kokotailo wa kampuni ya Mobil nchini Marekani, walipoingiza ayoni ya tetrametili-amonia kwenye mchanganyiko wa silika na alumini. Matokeo yake yalikuwa zeolaiti zenye silika nyingi kuliko zilizozoeleka, na sababu yake inafaa kueleweka kabla ya kushika chupa yoyote. Kila atomi ya alumini inayoingia kwenye kiunzi cha fuwele huleta chaji hasi moja, na chaji hiyo lazima isawazishwe na ayoni yenye chaji chanya iliyokaa ndani ya kitundu. Ayoni ya sodiamu ni ndogo, kwa hiyo nyingi hujazana mahali padogo na kiunzi hubeba alumini nyingi. Ayoni ya kikaboni ina chaji ileile moja lakini mwili wake ni mkubwa, hivyo ni chache tu zinazopata nafasi, na kiunzi hakina budi kuwa na alumini kidogo na silika nyingi. Zeolaiti yenye silika nyingi huvumilia joto kali na asidi, na ndiyo maana viwanda vya mafuta viliikimbilia.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mpaka mwisho, nao ni silikalaiti-1, zeolaiti ya silika tupu iliyoelezwa mwaka 1978 na Edith Flanigen na wenzake wa Union Carbide. Kiunzi chake ni kilekile cha ZSM-5, zeolaiti ya Argauer na Landolt iliyopewa hataza mwaka 1972, na kiolezo cha zote mbili, yaani ayoni ya kikaboni inayoongoza ukuaji wa fuwele, ni ayoni ya tetrapropili-amonia, ambayo kuanzia hapa nitaiita TPA, na haidroksidi yake TPAOH. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu unasamehe makosa madogo, unatumia kemikali chache, na karibu kila hatua yake inaweza kukaguliwa kwa hesabu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unahitaji kiolezo

Violezo vya kikaboni ni ghali, vingi vinaunguza ngozi, na mwishoni huchomwa moto vikapotea. Kwa hiyo swali la kwanza si kiolezo gani utumie, bali kama kinahitajika hata kidogo. Ikiwa lengo lako ni kulainisha maji au kunyonya unyevu, zeolaiti A inatosha, na hiyo hutengenezwa bila kiolezo. Udongo wa kaolini, kama ule wa Pugu karibu na Dar es Salaam, una silikoni na alumini kwa uwiano wa moja kwa moja, ambao ndio uwiano wa zeolaiti A. Ukichomwa kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi na kisha kupikwa katika mmumunyo wa haidroksidi ya sodiamu chini ya nyuzi 100, hugeuka zeolaiti kwa saa chache. Hata ZSM-5 inaweza kuota kwa sodiamu pekee, ingawa ndani ya wigo mwembamba wa uwiano wa silika na alumini.

Kiolezo kinalipa gharama yake pale unapotaka silika nyingi sana, silika tupu, fuwele ndogo mno zenye ukubwa unaofanana, au kiunzi ambacho ayoni za madini peke yake hazikifikii.

Hatua ya pili: elewa kiolezo kinafanya nini, na kisichofanya

Neno kiolezo humfanya mtu afikirie kalibu ya matofali, kwamba ukibadili kalibu umebadili tofali. Kwa zeolaiti mambo hayako hivyo. Watafiti Mark Davis na Raul Lobo walipopitia suala hili mwaka 1992 walitenganisha kazi tatu: ayoni inaweza kujaza nafasi tu ili kitundu kisibaki kitupu, inaweza kuelekeza silika kwenye kiunzi fulani, au, kwa nadra sana, inaweza kuwa kiolezo halisi ambacho umbo lake limechapwa kwenye kitundu. Mfano unaotajwa wa kundi hili la mwisho ni zeolaiti ZSM-18, ambamo ayoni yenye chaji tatu inalingana kwa ulinganifu na kizimba kinachoizunguka.

TPA iko kundi la pili. Ina atomi moja ya naitrojeni katikati na mikono minne ya propili, kila mmoja wenye kaboni tatu. Mikono hiyo haipatani na maji, kwa hiyo maji huizunguka kwa mpangilio maalumu, na silika iliyoyeyuka huja kuchukua nafasi ya maji hayo na kuigusa ayoni kwa karibu. Kutokana na mgusano huo hupatikana vipande ambavyo baadaye hujipanga kuwa fuwele. Fuwele inapokamilika, naitrojeni hukaa kwenye makutano ya mifereji miwili, mmoja ulionyooka na mwingine unaopinda kama nyoka, kila mmoja ukiwa na upana wa takribani nanomita 0.55, huku mikono miwili ikiingia katika mfereji ulionyooka na miwili katika ule wa kupinda. Ayoni iliyokaa hivyo haiwezi kutoka tena kwa kuoshwa, nasi tutaikumbuka hali hiyo tutakapofika kwenye tanuri.

Ukirefusha au kufupisha mikono, mwelekeo hubadilika. Tetrametili huingia kwenye vizimba vidogo vya aina ya sodalaiti, tetraethili ndiyo iliyozaa zeolaiti beta, na tetrabutili huelekea ZSM-11, ndugu wa ZSM-5 ambaye mifereji yake yote imenyooka. Hata hivyo usiichukue orodha hiyo kuwa sheria. Tetraethili hiyohiyo hutoa pia ZSM-12 katika mazingira mengine, na viunzi kadhaa hupatikana kwa violezo vingi tofauti. Kiasi cha maji, alikali, sodiamu, joto na muda vyote vina sauti, na mtu anayenunua kiolezo cha bei kubwa huku akipima maji kwa kukisia anapoteza fedha zake.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kupima

Uwiano tutakaoufuata, kwa moli, ni silika 25, TPAOH 9, maji 480 na ethanoli 100. Chanzo cha silika ni tetraethili othosilikati, ambayo chupani huandikwa TEOS, na hiyo ethanoli haumwagi wewe, bali hutoka kwenye TEOS yenyewe inapovunjwa na maji. Kila molekuli ya TEOS hutumia molekuli mbili za maji na kutoa nne za ethanoli. Maana yake ni kwamba, ili ubaki na maji 480, unapaswa kuanza na 530, jambo ambalo wengi hulisahau, halafu hushangaa kwa nini matokeo yao hayalingani na ya mwenzao.

Kwa moli 0.1 ya silika, vipimo ni hivi:

TEOS, gramu 20.83, au gramu 21.3 ikiwa chupa inasema usafi wa asilimia 98.
Mmumunyo wa TPAOH wa asilimia 40 kwa uzito, gramu 18.3, wenye gramu 7.32 za TPAOH na gramu 11 za maji.
Maji yaliyosafishwa ya kuongeza, gramu 27.2.

Ukiwa na mmumunyo wa asilimia 25, chukua gramu 29.3 na upunguze maji ya kuongeza hadi gramu 16.2. Vyovyote iwavyo, usiiamini lebo ya TPAOH bila kuipima kwa titresheni ya asidi hidrokloriki, kwa kuwa mmumunyo huu hunyonya kaboni dioksidi ya hewani kila chupa inapofunguliwa na nguvu yake hushuka. Soma pia cheti cha mtengenezaji uone kiasi cha sodiamu na potasiamu, kwani baadhi ya mimumunyo ya kibiashara huwa na alikali hizo kwa kiwango kinachotosha kubadili ukubwa wa fuwele.

Hapa pana hesabu nyingine ambayo naiona ndiyo yenye mafunzo kuliko zote. Chembe ndogo kabisa ya muundo wa silikalaiti ina silikoni 96 na makutano manne, yaani TPA nne. Kiolezo kinachohitajika ndani ya fuwele ni 4 kwa 96, sawa na takribani 0.042 kwa kila silikoni, ilhali uwiano wetu una 9 kwa 25, yaani 0.36. Tumeweka zaidi ya mara nane ya kinachoingia ndani. Ziada yote hiyo haipo kwa ajili ya kuelekeza, bali ni kwa ajili ya haidroksidi inayoambatana nayo, ambayo ndiyo inayoyeyusha silika na kuiwezesha kujipanga upya. Kiolezo chetu, kwa lugha nyingine, ni kiongozi na ni alikali kwa wakati mmoja, na anayetaka kupunguza gharama aanzie hapo.

Hatua ya nne: jilinde

TPAOH ni alikali kali. Vaa miwani ya kinga iliyofunika pembeni, glavu za nitrili zinazobadilishwa zikilowa, na koti la maabara, na kazi yote ya kumimina ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa. Tahadhari kubwa zaidi inamhusu ndugu yake, haidroksidi ya tetrametili-amonia, ambayo watu hudhani ni sawa na alikali nyingine. Ayoni yake hupenya kwenye ngozi iliyoungua na kuzuia misuli ya kupumua, na imeshaua wafanyakazi viwandani. Usiilete kwenye meza yako kwa sababu tu unataka kujaribu kiolezo kifupi.

Hatua ya tano: changanya na uache ikomae

Tumia chupa ya polipropilini, si ya kioo, kwa kuwa alikali hii hula kioo na kuachia sodiamu, boroni na alumini usizozitaka. Weka TPAOH na maji, washa kikorogeo cha sumaku, kisha dondosha TEOS polepole. Mwanzoni utaona matabaka mawili, TEOS ikielea juu kama mafuta. Koroga kwa nguvu, funika chupa, na uiache ikikorogwa kwa saa 24 katika joto la kawaida la chumba. Matabaka yatatoweka na utabaki na kimiminika kinachopitisha mwanga, chenye harufu ya ethanoli.

Uangavu huo usikudanganye kwamba hakuna kitu ndani. Mna chembe za silika zenye nanomita chache tu, na ukipitisha mwale wa leza katika chumba chenye giza unaweza kuuona ukijichora ndani ya kimiminika. Ikiwa badala ya uangavu umepata uji mweupe au ujeli, kuna kosa la vipimo, na mara nyingi ni TPAOH pungufu au maji machache. Usiendelee kwa matumaini. Rudi kwenye mizani.

Hatua ya sita: pika

Jumla ya mchanganyiko ni karibu mililita 68. Chombo cha kupikia ni otoklevu, yaani chungu cha chuma cha pua kinachokazwa kwa skrubu, chenye kikombe cha Tefloni ndani. Kikombe kisijazwe kupita theluthi mbili, kwa kuwa kimiminika hupanuka kikipata joto na kisipoachiwa nafasi ya hewa, shinikizo hupanda kwa ghafla. Nashauri ugawe mchanganyiko kwenye otoklevu mbili za mililita 100, hata kama moja ingekaribia kutosha. Sababu si usalama pekee: moja utaifungua baada ya saa 24 na nyingine baada ya saa 72, na tofauti baina yao itakufundisha kuhusu ukuaji wa fuwele kuliko ukurasa wowote.

Weka tanuri kwenye nyuzi 100. Katika joto hili fuwele nyingi huanza kwa pamoja na hukua kidogo kidogo, hivyo zinabaki ndogo, karibu nanomita 100 kila moja. Ukipandisha hadi nyuzi 170 kazi huisha ndani ya siku moja na fuwele huwa kubwa na rahisi kuchujwa, lakini maji peke yake katika joto hilo hutoa shinikizo la takribani mara nane ya lile la hewa ya kawaida, na ethanoli huongeza lake. Kuna jambo la tatu la kuzingatia, nalo ni kwamba ayoni za amonia zenye mikono ya kaboni huvunjika polepole katika alikali ya moto, zikipoteza mkono mmoja na kubaki amini yenye mikono mitatu ambayo haielekezi kama ile ya awali. TPA huvumilia nyuzi 170 kwa muda wa kutosha, ila si kila kiolezo kinavumilia.

Muda ukiisha, zima tanuri na uache otoklevu ipoe kabisa kabla ya kuigusa skrubu. Kuipoza kwa maji ya bomba hufanywa na wenye uzoefu na chombo kilichothibitishwa, na anayeanza hana sababu ya kuharakisha.

Hatua ya saba: tenganisha na osha

Utapata kimiminika cheupe kama maziwa. Karatasi ya kuchujia haitakusaidia, kwa sababu fuwele hizi hupita kwenye matundu yake. Tumia sentrifuji, mwaga kimiminika cha juu kwenye chupa yenye lebo, ongeza maji safi, tikisa mpaka mashapo yatawanyike, na rudia hadi pH ya maji ya kuoshea ishuke chini ya 9. Kadiri chumvi na alikali zinavyoondoka ndivyo fuwele zinavyokataa kutuama, kwa kuwa zinasukumana kwa chaji zao, na wengi huzimwaga hapa wakidhani ni maji machafu. Kimiminika cha juu kikiwa bado kina weupe wa buluu, ongeza kasi au muda wa sentrifuji. Mwisho kausha mashapo kwenye nyuzi 80 hadi 100 usiku kucha.

Kile kimiminika cha kwanza cha juu usikitupe. Kwa hesabu ya hatua ya tatu, karibu sehemu tisa kwa kumi za TPA uliyonunua bado zimo humo, pamoja na silika isiyogeuka fuwele. Inawezekana kukipima upya, kukiongezea TEOS na kukitumia tena, na maabara yenye bajeti finyu inapaswa kulifanya hilo kuwa desturi.

Hatua ya nane: kagua kabla ya kuchoma

Kipimo cha kwanza ni mchoro wa eksirei wa unga. Kwa miale ya shaba, silikalaiti huonyesha vilele viwili kwenye pembe ndogo, karibu na digrii 7.9 na 8.8, na kundi la vilele vitatu vikali kati ya digrii 23 na 24.5. Fuwele ndogo hutoa vilele vinene kidogo, na hilo si kasoro. Kilima kipana kinachoenea kati ya digrii 20 na 30 ndicho kasoro, kwani ni dalili ya silika isiyo na mpangilio, na maana yake ni kwamba muda haujatosha au mashapo hayakuoshwa vizuri.

Kipimo cha pili ni cha bei nafuu zaidi, yaani mizani. Pima gramu moja kamili ya unga uliokauka, uichome kama ilivyoelezwa katika hatua inayofuata, kisha uipime tena. TPA nne kwa silika 96 ni takribani asilimia 11 ya uzito, na ukijumlisha maji machache yanayotoka kwenye kasoro za fuwele, upungufu wote hukaa kati ya asilimia 11 na 13. Ukipoteza asilimia 5 tu, sehemu kubwa ya unga wako si fuwele. Ukipoteza asilimia 20, hukuosha au hukukausha.

Mwenye uwezo wa kupata kipimo cha NMR cha yabisi, yaani cha mwitikio wa viini vya atomi ndani ya sumaku, atumie kaboni-13, kwa kuwa kinaonyesha jambo la kupendeza sana. Kilele cha kaboni ya mwisho ya mkono wa propili hugawanyika kuwa viwili, kwa sababu mikono miwili iko kwenye mfereji ulionyooka na miwili kwenye ule wa kupinda. Huo ni ushahidi kwamba kiolezo kiko ndani, kizima, na kimekaa pale tulipotarajia.

Hatua ya tisa: choma kiolezo

Tandaza unga kwa utando mwembamba kwenye bakuli la kauri. Pandisha joto kwa nyuzi moja kila dakika hadi 550, ushikilie hapo kwa saa sita hewa ikipita, kisha uache vipoe taratibu. Upole huu una sababu: kiolezo kinapovunjika hutoa propini na amini ndani ya mifereji myembamba, na vikitoka kwa kishindo au vikiwaka kwa wakati mmoja, joto la ndani huzidi sana lile unaloliona kwenye kipimo cha tanuri, na fuwele hupasuka. Tanuri liwe na bomba la kutoa hewa nje, kwa sababu propini hushika moto na amini zina harufu kali kama ya samaki aliyeoza.

Rangi ndiyo mwongozo wako. Unga mweupe kabisa umekamilika. Wa kijivu au kahawia una masizi ya kaboni yaliyonaswa, na dawa yake ni kuurudisha kwa saa nyingine kadhaa hewa ikipita vizuri zaidi.

Baada ya kuchoma, piga tena mchoro wa eksirei. Kilele cha karibu na digrii 24.4, ambacho kilikuwa kimoja, mara nyingi hugawanyika viwili. Usishtuke, maana ni muundo wa silikalaiti uliojilegeza kidogo baada ya kuondokewa na mgeni wake, na ukipashwa joto huweza kurudi ulivyokuwa. Kwa kipimo cha kunyonya naitrojeni, ujazo wa vitundu vidogo ukikaribia sentimita za ujazo 0.18 kwa gramu, kazi yako ni nzuri.

Ukitaka ZSM-5

Yeyusha gramu 0.41 za isopropoksidi ya alumini kwenye TPAOH kabla ya kuweka TEOS, nawe utapata uwiano wa silikoni 50 kwa alumini moja. Upikaji huchukua muda mrefu zaidi, na nyuzi 170 kwa siku kadhaa zinafaa kuliko 100. Uzuri wa mapishi yasiyo na sodiamu ni kwamba TPA inayosawazisha alumini inapochomwa huacha protoni mahali pake, hivyo unatoa kichocheo cha asidi moja kwa moja kutoka kwenye tanuri. Kuna kikomo lakini. TPA nne haziwezi kusawazisha zaidi ya alumini nne katika silikoni na alumini 96, ambao ni uwiano wa 23. Ukitaka alumini zaidi ya hapo lazima ukaribishe sodiamu, na baadaye uibadilishe kwa chumvi ya amonia na kuchoma mara ya pili.

Ukitaka kupunguza gharama

Bromidi ya TPA ni nafuu kuliko haidroksidi. Iweke kwa kiasi kidogo kinachotosha makutano pamoja na akiba, na alikali uitoe kwenye haidroksidi ya sodiamu. Hata hivyo sodiamu ina mwelekeo wake. Ikizidi, au ukipika muda mrefu kupita kiasi, mchoro wa eksirei utaonyesha kwarzi, au silikati za sodiamu zenye tabaka ziitwazo magadiiti na kenyaiti. Majina hayo hayakutoka mbali: Hans Eugster alizieleza zote mbili mwaka 1967 kutokana na matabaka ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako maji yenye sodiamu na silika nyingi huziotesha bila mtu kuwasha tanuri. Ukiziona kwenye unga wako, ujue umelitengeneza tena Ziwa Magadi ndani ya otoklevu. Punguza sodiamu, fupisha muda, au ongeza mbegu kidogo za silikalaiti uliyotengeneza awali ili ukuaji uchukue njia unayoitaka.

Ukitaka kuchagua kiolezo kingine

Tafuta ayoni isiyovunjika katika alikali ya moto, yenye umbo gumu kiasi, na yenye kuchukia maji kwa wastani. Kigezo kinachosaidia ni idadi ya kaboni kwa kila naitrojeni yenye chaji: kati ya 11 na 15 kwa kawaida hufanya vizuri, na TPA ina 12. Chini ya hapo ayoni hupenda kubaki ndani ya maji, na juu ya hapo hukusanyika zenyewe kwa zenyewe badala ya kuvaa silika. Mikono laini inayopindika huweza kuelekeza kwenye viunzi vingi, na umbo gumu huchagua vichache. Mfano mzuri ni ayoni yenye kichwa cha adamantani, kizimba kigumu cha kaboni, ambayo Stacey Zones wa Chevron aliitumia kupata SSZ-13. Zeolaiti hiyo, ikiwekwa shaba, leo hutumika kusafisha oksidi za naitrojeni kwenye moshi wa magari ya dizeli. Kiolezo chake ni ghali, na bado viwanda vilikubali kukilipia kwa sababu vizimba vidogo vya SSZ-13 vinastahimili mvuke wa moto wa bomba la moshi.

Njia ya floridi, ambamo mchanganyiko hauhitaji alikali kali na fuwele hutoka kubwa zenye kasoro chache, ina faida za kweli, lakini asidi hidrofloriki hupenya mpaka mfupani. Pasipo jeli ya kalisi glukonati mkononi na msimamizi aliyefunzwa, njia hiyo iachwe.

Kabla hujauchoma unga wote, tenga gramu moja au mbili za ule ambao bado una kiolezo, uzifunge kwenye chupa ndogo, na uandike uwiano wa moli, namba ya chupa ya TPAOH na matokeo ya titresheni yake, joto na saa za kupika. Unga uliochomwa hauwezi tena kujibu swali la kiolezo kilikaa wapi, na swali hilo mara nyingi huja miezi kadhaa baadaye.